Makato Madogo Ndiyo Yanayomaliza Mshahara

Ukifungua taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu, jicho hukimbilia mistari usiyoielewa: jina la kampuni hujawahi kulisikia, herufi tatu zisizotamkika, namba ndefu isiyo na maelezo. Unashtuka, unahisi umeibiwa. Mara nyingi mistari hiyo haina kosa lolote. Pesa inaondokea kwenye mistari mingine, ile ya shilingi 300, 650, 1,200, inayojirudia kila wiki na ambayo kila mtu anaipita kwa kuwa ni midogo.

Kwa hiyo usianze kwa kumtafuta mwizi. Tafuta marudio kwanza. Pigia mstari kila kato lisilozidi shilingi 5,000, kisha jumlisha ya mwezi mmoja mmoja. Jumla hiyo ndiyo itakuambia kama tatizo ni mtu aliyeingia kwenye akaunti yako, ni aina ya akaunti uliyofunguliwa, au ni namna unavyotoa pesa. Kwa wengi ni hilo la mwisho, na dawa yake haihitaji barua kwa meneja. Inahitaji uamuzi kabla mshahara ujao haujaingia.

Taarifa yenyewe ina bei, na bei zinapishana sana.

Dirishani ndiko ghali. Benki nyingi hutoza kwa ukurasa, na mwenye kurasa nyingi ni yule anayetoa 10,000 leo na 10,000 kesho. Amelipia kutoa, sasa analipia kuchapishiwa ushahidi kwamba alitoa. Karatasi yenye mhuri ichukue pale tu inapodaiwa na ubalozi, mkopeshaji au mwajiri, na uulize kwanza wanataka miezi mingapi. Wakisema mitatu, usilipie sita.

Taarifa fupi ya kwenye ATM haifai kwa kazi hii. Inaonyesha miamala michache ya mwisho, na yenyewe ina ada. Ukiiomba kwenye mashine ya benki nyingine, ada inapanda. Menyu ya nyota na reli kwenye simu ya kitochi nayo ni hivyo hivyo: kuuliza salio tu kunaweza kukatwa, na mtu mwenye wasiwasi huuliza salio mara tatu kwa siku.

Kinachofaa ni faili la PDF kutoka kwenye programu ya benki au kwa barua pepe. Kwa benki nyingi ni bure au bei yake ni ndogo, unachagua tarehe mwenyewe, na unaweza kulisoma kwenye simu bila kuchapa. Gharama iliyojificha hapa ni ya usalama. Watu hutuma faili hilo kwa WhatsApp ya mwenye steshenari, wanachapiwa, wanaondoka. Umemwachia jina lako, namba ya akaunti, mshahara na salio. Kama lazima uchapishe, simama pale mpaka faili lifutwe kwenye kompyuta yake, na kwenye kapu la taka pia.

Ada moja, mistari mitatu

Tanzania, ada ya benki haiji peke yake. Tangu Julai 2016 huduma za benki zinazotozwa ada zinalipiwa VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Bara ni asilimia 18. Juu yake upo ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 ya ada hiyo hiyo. Benki nyingine huvitenganisha vitatu, kwa hiyo ukitoa pesa mara moja unaona mistari mitatu yenye tarehe moja: ada, VAT, na EXCISE au EXC DUTY. Huo si wizi mara tatu. Ni kato moja lililokatwa vipande.

Tatizo ni pale unapolinganisha benki mbili kwa kusoma jedwali la ada lililobandikwa ukutani. Jedwali moja limeandika 1,000 kabla ya kodi. Lingine limeandika 1,250 kodi ikiwamo ndani. Ukienda kwa macho utachagua la kwanza. Sasa piga hesabu: 1,000, ongeza ushuru 100, ongeza VAT 180, inakuwa 1,280. VAT ikikokotolewa juu ya ada na ushuru kwa pamoja, inafika 1,298. La pili ndilo nafuu. Swali la kumuuliza mhudumu ni moja tu: "Bei hizi ni pamoja na kodi?"

Riba ya mkopo haitozwi VAT. Ukiona VAT imepachikwa kwenye riba yenyewe, uliza. Ada ya kushughulikia mkopo ni jambo jingine, hiyo inatozwa.

Mstari wa WHT huwatia watu hofu bila sababu. Ni kodi ya zuio. Benki ikikupa riba ya akiba ya 5,000, inazuia asilimia 10, yaani 500, na kuipeleka serikalini. Utaona 5,000 imeingia na 500 imetoka siku hiyo hiyo. Ukiona WHT imekatwa bila riba yoyote kuingia, hapo una haki ya kwenda kuuliza.

Mwenye kuchambua taarifa za zamani, labda kwa ajili ya kesi au hesabu za biashara, atakutana pia na LEVY. Hiyo ni tozo ya miamala. Ilianza Julai 2021 kwenye miamala ya simu, ikasambazwa kwenye miamala ya benki Julai 2022, kelele zikawa nyingi, na kuanzia Oktoba mwaka huo serikali ikaiondoa kwenye sehemu kubwa ya miamala ya benki. Makato ya kipindi kile yalikuwa halali kwa wakati wake, usipoteze nauli kuyadai.

Akaunti ya ada ya mwezi au ya kulipia kila unapotoa?

Mstari wa LEDGER FEE, MAINT FEE au MONTHLY CHG ni ada ya kuendesha akaunti. Zipo akaunti zinazojinadi kwamba hazina ada hiyo. Sawa, lakini benki haifanyi kazi ya sadaka. Ikikosa hapa, itapata pale unapotoa.

Tuseme akaunti ya kwanza inakata 3,000 kwa mwezi na 700 kila unapotoa. Ya pili haina ada ya mwezi, lakini kila kutoa ni 1,500. Ukitoa mara tatu, ya kwanza inakugharimu 5,100 na ya pili 4,500. Ukitoa mara nne, ya kwanza ni 5,800 na ya pili 6,000. Mpaka uko hapo. Anayetoa mara moja au mbili achukue isiyo na ada ya mwezi. Anayetoa kila wiki na zaidi alipe ada ya mwezi bila kulalamika. Weka namba za benki yako badala ya hizi, hesabu ni ya dakika tano.

Akaunti ya mshahara mara nyingi ina unafuu, na unafuu huo una sharti: mshahara uendelee kupita hapo. Mkataba wa kazi ukiisha, akaunti inaweza kurudishwa kwenye ada za kawaida bila wewe kutambua. Na kama una mkopo unaokatwa kwenye akaunti hiyo, huwezi kuhama hata ukiona bei nzuri jirani. Anayekaribia kuchukua mkopo ajue kwamba anachagua akaunti ya miaka kadhaa, si mkopo peke yake.

Kisha kuna akaunti iliyolala, ile uliyofungua kwa ajili ya kazi ya zamani au kikundi kilichovunjika. Salio likiisha, kwa benki nyingine ada haziishi, zinasubiri. Siku unaomba mtu akutumie 50,000 humo, unaona mistari sita ya ada imekatwa kwa mpigo na kilichobaki hakitoshi nauli. Ifunge. Kufunga kunaweza kuwa na ada, linganisha na ada za miezi sita zijazo, utaona jibu. Omba barua ya kufungwa akaunti na uihifadhi. Kama una matumaini ya kweli ya kuitumia tena ndani ya miezi miwili mitatu, iache.

Mstari wa SMS ALERT unastahili mawazo ya peke yake. Ujumbe mmoja ni pesa ndogo, lakini akaunti ya biashara yenye miamala kumi kwa siku inalipa hela ya kueleweka. Kama programu ya benki inakuletea arifa bila malipo na simu yako ina bando muda wote, omba SMS ziondolewe. Kama bando lako linakatika kila baada ya siku mbili, zibakize, angalau za pesa inayotoka. Arifa inayokufikia usiku wa saa nane wakati mtu anachota ina thamani kuliko hizo shilingi ulizookoa. Hapa mimi nisingebana.

CARD FEE au CARD ANN FEE huja mara moja kwa mwaka, ndiyo maana inaonekana ngeni kila inapokuja. Angalia kama huna kadi mbili kwenye akaunti moja, ya zamani ambayo haikufutwa na mpya. Hilo hutokea, na zote mbili zinalipiwa.

Wapi utoe

Hapa ndipo pesa nyingi inapookolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua mtu anayetumia 240,000 taslimu kwa mwezi, na tuseme kutoa kwenye ATM ya benki yake ni 1,300 pamoja na kodi. Akitoa 20,000 mara 12, anakatwa 15,600. Akitoa 60,000 mara 4, anakatwa 5,200. Tofauti ni 10,400 kwa mwezi, na kwa mwaka inafika 124,800. Hakuna benki iliyomwibia. Taarifa yake haina hata mstari mmoja wa ajabu.

Mbona basi nisimwambie atoe zote 240,000 kwa mara moja alipe 1,300 tu? Kwa sababu pesa ikikaa ndani inaitwa. Atakuja shemeji, atakuja fundi, utaona kiatu. Na chumba cha kupanga si mahali pa kuweka kibunda. Kutoa kwa wiki ni gharama inayokubalika ya kujizuia. Kutoa kila siku si kujizuia tena, ni kulipa kodi ya hofu.

ATM ya benki nyingine itumie kwa dharura tu. Kwenye taarifa utaiona imeandikwa OFF-US, au ina jina la benki ambayo si yako. Ada yake ni kubwa kuliko ya mashine ya benki yako, wakati mwingine maradufu na zaidi, na hata kuangalia salio hapo kuna kato lake. Zipo benki zinazokata hata muamala ukikataliwa kwa sababu salio halitoshi. Kwa hiyo usibahatishe kiasi: ukijua huna 100,000, usiijaribu.

Wakala wa benki ana faida ya kuwa karibu na kufungua mpaka usiku. Ada yake hupangwa kwa ngazi, kwa hiyo soma mipaka ya ngazi. Kama ngazi inaishia 50,000, kutoa 51,000 ni kulipia ngazi ya juu kwa ajili ya shilingi 1,000. Tatizo la pili ni floti. Wakala hana pesa ya kutosha, anakwambia toa 70,000 sasa, ukirudi jioni utachukua 80,000 iliyobaki. Umelipa ada mbili kwa shida yake. Bora uvuke barabara kwa wakala mwingine. Na ada ya wakala hukatwa na mfumo kwenye akaunti yako. Akidai nyingine mkononi, usimpe, haimo kwenye jedwali lolote.

Njia inayodanganya kuliko zote ni ya kuhamisha kutoka benki kwenda kwenye simu, kisha kutoa kwa wakala wa simu. Taarifa ya benki inaonyesha ada ya kuhamisha tu, na inaonekana ndogo. Ada ya kutoa inakatwa upande wa mtandao wa simu, na utaikuta kwenye SMS yao, si kwenye taarifa ya benki. Jumlisha zote mbili kabla hujasema ni nafuu. Inalipa tu pale ambapo hutatoa taslimu kabisa: unanunua umeme, unamlipa muuzaji kwa lipa namba, unamtumia mtu.

Dirishani utakuta foleni, na zipo benki ambazo kutoa kiasi kidogo dirishani ni ghali kuliko ATM, makusudi, ili usije. Tumia dirisha kwa kiasi kinachozidi kikomo cha kadi. Kulipa kwa kadi dukani kwa kawaida hakumkati mnunuzi chochote, lakini yapo maduka yanayoongeza asilimia mbili au tatu kwenye bei ukitoa kadi. Uliza kabla hawajagusa mashine.

Kuhusu kutuma: kwenye taarifa utaona TISS, TIPS au EFT. TISS ni mfumo wa Benki Kuu wa malipo makubwa ya benki kwa benki, uko tangu 2004, unafika siku hiyo hiyo na ada yake ni ya kuhisiwa. EFT hupita kwenye mafungu, ni nafuu zaidi na huchelewa. TIPS, nao wa Benki Kuu, hupeleka malipo madogo papo hapo kati ya benki na benki na kati ya benki na mitandao ya simu. Karani wa dirishani anaweza kukupa fomu ya TISS kwa mazoea. Kama unatuma 200,000 ya ada ya shule, rudisha fomu, fungua simu, tuma kwa programu.

Majina usiyoyafahamu

Sasa yale yaliyokushtua mwanzoni.

Duka likipokea kadi, jina linaloandikwa kwenye taarifa ni lile lililosajiliwa na benki iliyowapa mashine, mara nyingi jina la kampuni ya mwenye mali, si lile la kwenye bango. Duka la dawa pale Sinza linaweza kujitokeza kama kampuni ya uagizaji. Halafu mfumo wa kadi una nafasi ya herufi 40 tu, na humo ndani lazima jina, mji na nchi vienee. Ndiyo maana maneno hukatwa katikati. Herufi mbili za mwisho ni nchi: TZ ni Tanzania, KE ni Kenya, AE ni Falme za Kiarabu, IE ni Ireland. Ukiona Dublin na IE, usidhani kuna Mwairishi anatumia kadi yako. Kampuni nyingi kubwa za mtandaoni zina makao yao ya Ulaya huko, na huenda ni hifadhi ya picha, muziki au filamu uliyojiunga kwa jaribio la bure.

Majaribio hayo ya bure ni kundi baya. Jina halibadiliki lakini kiasi kinabadilika kila mwezi, kwa kuwa bei iko kwa dola na benki inaibadilisha kwa kiwango chake, chenye faida yake ndani, na wakati mwingine ada ya muamala wa nje juu. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Ingia kwenye huduma yenyewe, sitisha usajili, hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Kukimbilia kubadilisha kadi kwa ajili hiyo ni kulipa ada ya kadi mpya kwa kazi ya kubonyeza mara mbili.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Dubai au Guangzhou wana mtego wao. Mashine ya dukani inauliza: ulipe kwa fedha ya hapa au kwa fedha ya kwenu? Inaonekana ni heshima. Chagua fedha ya pale, dirhamu au yuani. Ukichagua ya kwenu, anayebadilisha ni upande wa muuzaji, na kiwango chake kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako.

Namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, pengine na neno GEPG, ni kontroo namba ya malipo ya serikali: maji, leseni, faini, ada ya chuo cha umma. Itafute kwenye SMS zako, utaikuta. Mstari wa LUKU nao una mwenza wake, yaani tokeni ya tarakimu 20. Pesa imekatwa na tokeni haikuja? Namba ya mita ina tarakimu 11, hakikisha kwanza hukukosea moja ukamwashia jirani taa.

REV au REVERSAL ni muamala uliorudishwa. Soma kwa jozi: kiasi kilichotoka na kiasi kilichorudi vilingane, na angalia ada yake imerudi pia au imebaki. Mara nyingi ndiyo inayosahaulika. Pesa iliyozuiwa tu, kama hoteli wanapoishikilia kwa dhamana, hupunguza salio unaloweza kutumia bila kuonekana kama muamala uliokamilika. Huachiwa baadaye, lakini siyo siku ya kodi ya nyumba, kwa hiyo usitegemee.

Tarehe nazo huleta ugomvi wa bure. Ulinunua Jumamosi, mstari umeandikwa Jumatatu. Ni siku ya kuingizwa kwenye vitabu, si siku ya kununua.

Kwa mwenye mkopo, kagua siku ulipopewa. Uliomba 1,000,000, zikaingia, na dakika hiyo hiyo zikatoka ada ya kushughulikia, bima na kodi zake, ukabaki na 955,000. Riba inahesabiwa kwenye milioni. Unapolinganisha wakopeshaji wawili, linganisha kilichofika mkononi na jumla utakayorudisha. Asilimia ya kwenye kipeperushi iache kwenye kipeperushi. PENAL INT ni adhabu ya kuchelewa, na mara nyingi chanzo chake ni mshahara kuingia siku mbili baada ya tarehe ya marejesho. Omba tarehe isogezwe. Ombi hilo ni la kawaida.

Pesa ngeni ikiingia, usiitumie. Aliyeikosea ataidai, benki itaizuia au kuirudisha, na wewe ndiye utakayebaki na salio hasi. Piga simu benki mwenyewe. Usimrudishie moja kwa moja mtu anayekupigia akilia kwamba amekosea namba. Hao ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Na ukikuta kweli kuna wizi

Ishara mojawapo ni kiasi kidogo sana kwenye tovuti ya nje ambayo hukuitembelea. Wezi wa kadi hupenda kujaribu na kiasi kidogo kabla ya kuchota kikubwa. Usisubiri cha pili. Funga kadi kwenye programu, au piga namba iliyochapishwa nyuma ya kadi, siyo namba iliyokuja kwa SMS. Hakuna mfanyakazi wa benki anayehitaji namba yako ya siri ili kukurekebishia makato, hata akiyajua makato hayo kwa jina na tarehe.

ATM ikikata bila kutoa pesa, tunza risiti, andika saa na mahali. Kwenye risiti kuna namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, ndiyo inayowasaidia kuufuatilia muamala kati ya benki mbili. Lalamika kwa benki iliyokupa kadi, hata kama mashine ni ya wengine. Kwa malipo ya kadi mtandaoni muda wa kudai hutegemea aina ya dai, mara nyingi ni siku 120, na anayekuja mwezi wa sita hupewa pole tu.

Lalamiko liwe la maandishi, liwe na mistari uliyoipigia alama, tarehe na kiasi. Kudai "mnanikata sana" hakumpi mtu pa kuanzia. Dai kwamba tarehe fulani ada ya 1,300 ilikatwa mara mbili kwa kutoa mara moja, hapo lazima wajibu. Benki isipokujibu au ikikujibu visivyo, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha, lakini itakuuliza kwanza kama ulianzia benki yako. Kwa hiyo usiondoke dirishani bila namba ya lalamiko au nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.